Lisomeni Doa Kabla ya Kununua Rangi

Wanangu, mna desturi njema mliyoirithi kwetu: Shaaban ikiingia, nyumba hupakwa rangi ili Idi iikute inang'aa. Sina ugomvi nayo. Riziki yangu nimeipata humohumo, kwa brashi na mwiko, tangu nilipokuwa kijana wa kuchekecha chokaa katika Mji Mkongwe wa Unguja mpaka magoti yaliponikataza kupanda ngazi. Ugomvi wangu ni na kalenda. Idi hufuata mwezi, na kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi. Mvua hufuata pepo, na masika hayaulizi kama mwezi umeandama. Mwaka 2022 na 2023 Idi ilituangukia ndani ya masika. Watu wakapaka rangi juu ya kuta zilizolowa, wakala sikukuu, na ilipofika Idi ya Mfungo Tatu rangi ilikuwa imevimba malengelenge na kubambuka. Mwenye nyumba akamlaumu fundi, fundi akailaumu rangi, na duka likauza ndoo nyingine.

Sasa Idi inasogea kwenye kaskazi, miezi ya jua kali, na nawasikia mkisema tabu imekwisha kwa kuwa kuta ni kavu. Hapo ndipo ninapowaonya. Ukuta wa Februari ni mwongo. Doa lililokuwa jeusi mwezi wa Mei limepauka, chumvi imepanguswa na ufagio, dari lililodondosha maji limekauka na kubaki na alama ya rangi ya chai. Fundi wa rangi haoni kitu, wewe mwenye nyumba umeshasahau, na brashi inapita. Doa lisomwe wakati wa masika, litibiwe wakati wa kaskazi. Rangi ni kazi ya mwisho. Anayeianza kwanza anayafungia maji ndani, na maji yakifungiwa hutafuta mlango mwingine, nao kwa kawaida huwa mbaya zaidi ya ule wa kwanza.

Kwa hiyo masika yajayo, mvua kubwa ikishapita, zunguka nyumba yako na penseli. Kila doa lichore ukingo wake, andika tarehe pembeni, kisha rudi baada ya wiki. Doa lililovuka mstari lina chanzo kilicho hai. Lililobaki ndani ya mstari, masika mazima, huenda ni alama tu ya maji ya zamani. Kazi hii haigharimu hata shilingi, na inakupa hoja mbele ya fundi anayetaka kubomoa ukuta mzima.

Tazama kwanza mahali. Doa linalopanda kutoka sakafuni, likakoma kiunoni au kifuani kwa ukingo wa mawimbi, ni maji ya ardhini. Linaloshuka kutoka darini au kwenye pembe ya juu ni la paa, la gata au la bomba. Doa la katikati ya ukuta, lisilofika juu wala chini, linakutaka ukakague upande wa pili: pengine kuna bafu, pengine jirani ameegemeza kifusi ukutani kwako tangu mwaka juzi. Weusi ulioko nyuma ya kabati na kwenye pembe ambako hewa haipiti ni fangasi, na mara nyingi maji yake yanatoka hewani.

Kisha jaribu. Juu ya weusi weka tone la dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, iliyopunguzwa kwa maji. Ukififia ndani ya dakika chache, hiyo ni fangasi au mwani mdogo. Ukibaki vilevile, ni masizi ya jikoni au uchafu wa kawaida, na sabuni itatosha. Juu ya unga mweupe weka tone la maji matupu: chumvi huyeyuka, fangasi nyeupe haiyeyuki. Na mkibishana kama unyevu ni wa ukuta au wa hewa, chukua kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita, kibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne, ukiache siku mbili. Maji yakijikusanya nyuma ya nailoni, ukuta ndio unaoyatoa. Yakijikusanya mbele, upande wa chumbani, hewa ndiyo iliyolowa, na dawa yake ni dirisha.

Nikae kwenye chumvi, maana ndiyo inayowatia hasara watu wa pwani kuliko fangasi zote. Ukuta wa mawe ya matumbawe, na hata wa matofali ya saruji, una matundu madogo yasiyoonekana kwa jicho, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Yakipanda hubeba chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta, jua na upepo huyachukua, chumvi inabaki. Chumvi hiyo hujijenga fuwele ndani ya lipu, na fuwele zikikua huisukuma lipu nje punje kwa punje, mpaka kila asubuhi unafagia unga chini ya ukuta ule ule.

Wasilolijua wengi ni kwamba chumvi ikishakaa ukutani, mvua haihitajiki tena. Chumvi ya bahari hujivutia maji yenyewe kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na kwetu hewa ya usiku hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Usiku ukuta unalowa, mchana unakauka; fuwele zinayeyuka, zinaota upya, na kila zinapoota zinabomoa kidogo. Ndiyo maana nyumba hutoka jasho katikati ya kiangazi, na mwenyewe anachimba sakafu kutafuta bomba lililopasuka ambalo halipo.

Chumvi hiyo inatoka wapi? Nyingine inatoka ardhini, kwa aliyejenga karibu na maji. Nyingine huletwa na upepo wa bahari. Ya tatu, na hii ndiyo inayonikera, mnainunua wenyewe. Tofali lililofyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni, kisha likamwagiwa maji ya kisima cha chumvi ili likomae, limezaliwa na maradhi. Kabla gari halijamwaga mchanga kiwanjani kwako, nenda na bilauri. Tia mchanga robo, ongeza maji safi, koroga, acha utulie, kisha onja kwa ncha ya ulimi. Ukikuta chumvi, rudisha gari. Mwuzaji atakuambia mvua itaiosha. Mvua itaiosha, ndiyo, na sehemu kubwa itaipeleka ndani zaidi.

Katika kutibu, jambo la kwanza ni kutouosha ukuta wa chumvi kwa maji. Ukiosha unaiyeyusha, nayo inarudi ndani kusubiri jua. Isugue ikiwa kavu, kwa brashi ngumu ambayo si ya chuma, unga uuzoe na kuutupa mbali na msingi. Lipu iliyokufa, ile inayolia tupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole, ibandue mpaka kwenye jiwe au tofali, na uvuke ukingo wa doa kwa nusu mita hivi. Halafu subiri. Najua hamtaki kusikia neno hili. Ukuta mnene huhitaji miezi kukauka, kaskazi nzima ikibidi, na hakuna feni wala dawa ya duka inayoweza kuununua muda huo. Wakati unasubiri, shughulikia chanzo: shusha udongo wa nje uliopanda kupita usawa wa sakafu, vunja ile saruji uliyomwaga ukaibana na ukuta ili uwani pasiwe na tope, na weka kokoto badala yake ili ardhi ipumue. Hakikisha maji ya paa yanapelekwa mbali. Nimeona nyumba nyingi zilizopona kwa gata na koleo tu, bila dawa yoyote.

Kwa nyumba mpya maneno ni machache, kwa sababu kinga ni rahisi ikiwekwa mapema na haiwezekani ikichelewa. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, utandazwe mkanda wa nailoni nzito au wa lami, mzima, usiotobolewa, sentimita 15 au zaidi juu ya usawa wa ardhi ya nje. Fundi akikwambia wazee hawakuweka, mwambie wazee walijenga kwa chokaa, si kwa saruji. Na paa litokeze nje ya ukuta kwa sentimita 60 hivi. Siku hizi mnapenda nyumba zilizofichwa paa nyuma ya ukuta wa juu, zinazoonekana bapa. Zinapendeza kwenye picha. Katika nchi ya masika, ukuta usio na upenu ni ukuta unaooga kila siku, na michirizi myeusi itaanza kuteremka kwenye kingo zake kabla hamjamaliza kulipia mabati.

Nageukia waliorithi nyumba za mawe, za Mji Mkongwe ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na za Lamu iliyofuata mwaka 2001, na za Pangani, Mombasa, Bagamoyo na kwingineko ambako nyumba hazimo kwenye orodha hiyo lakini mawe ni yale yale. Kuta hizo zina unene wa nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Hazikujengwa kuzuia maji. Zilijengwa kuyapokea na kuyaachia. Chokaa hupitisha unyevu. Mvua huingia kidogo, jua huitoa, na ukuta unaishi hivyo miaka mia na zaidi.

Halafu anakuja kijana na mifuko ya saruji. Anaona lipu ya chokaa inapukutika, anaibandua, anapiga lipu ya saruji ngumu, anamalizia na rangi ya mafuta. Inapendeza kweli. Lakini maji yaliyokuwa yakitokea magotini sasa yamezibiwa, na hayarudi ardhini kwa aibu, yanapanda. Masika ya pili doa liko kifuani, masika ya nne liko juu ya mlango. Mwisho yanafika penye vichwa vya boriti. Boriti za mikoko ni ngumu kuliko mnavyodhani, lakini kichwa cha boriti kilichozikwa ndani ya ukuta uliolowa huoza kimyakimya, na juu ya boriti hizo ndiko mnakolala. Kwa hiyo ukiona doa karibu na dari la nyumba ya mawe, usikimbilie brashi. Chukua bisibisi, ichomeke kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama bila nguvu, kazi ya rangi imekwisha na kazi ya kuegemeza dari imeanza.

Ukarabati wa nyumba hizo ufanyike kwa chokaa. Mkiwa Unguja, pelekeni kwanza shauri kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Si kwa kuogopa faini, bali kwa sababu huko ndiko mnakoweza kuelekezwa kwa mafundi wanaoijua chokaa bado. Chokaa iliyotoka tanuuni ikimwagiwa maji huchemka kwa nguvu na kuruka. Anayeizima avae miwani, na watoto wasikaribie; jicho lililoingiwa na chokaa linaweza kupofuka, na huduma ya kwanza ni kuliosha kwa maji mengi yasiyokatika kwa dakika 20 na zaidi huku mkimpeleka hospitali. Ikishazimwa, ikae shimoni chini ya maji wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora. Lipu ipigwe kwa matabaka membamba, kila moja lisizidi sentimita moja hivi, na ifunikwe kwa magunia mabichi isikauke upesi. Chokaa haigandi kwa kukauka. Hugeuka jiwe polepole kwa kula hewa, na ikikaushwa na jua kabla ya wakati wake hubaki unga.

Mtaniambia lipu hiyo nayo itapukutika. Itapukutika, naam, na hiyo ndiyo kazi yake. Ni kafara ya ukuta: inanyonya chumvi ili jiwe lisalimike, na baada ya miaka mnaibandua na kupiga nyingine. Juu yake pakeni chokaa nyepesi ya kutiririka, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, hata wa tano, kila mara ukuta ukiwa umerushiwa maji kwanza. Chokaa mbichi ni kali kiasi kwamba fangasi haioti juu yake. Bibi zenu walipopaka chokaa kila mwaka hawakuwa wanapamba tu.

Jengo la Beit al-Ajaib, hukohuko Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Silitaji ili nihukumu chanzo. Hiyo ni kazi ya wahandisi. Nalitaja kwa sababu kuna vijana wanaodhani nyumba nene ya mawe haianguki.

Juu ya paa, mambo ni mengine. Weusi unaotanda juu ya vigae na zege ni mwani mdogo na fangasi, na yale magamba ya kijani na kijivu yanayofuata ni viumbe viwili vinavyoishi pamoja, vikijishikiza kwenye uso wa kigae. Vinapenda kivuli, umande, na majani ya mwembe au mkungu yaliyoachwa yaoze. Mjukuu wangu aliyeko Marekani alinipigia simu kuniuliza mbona paa la nyumba yake lina michirizi myeusi ilhali ni jipya. Huko kwenye majimbo ya joto na unyevu michirizi hiyo huletwa na kijidudu kiitwacho Gloeocapsa magma, ambacho hustawi kwenye vigae vya lami vyenye unga wa mawe ya chokaa. Dawa yake na ya kwetu zinakaribiana: kata matawi yanayotia kivuli, fagia majani, pulizia klorini iliyopunguzwa, acha dakika 15 hivi, suuza kwa maji ya mpira wa kawaida. Ukitaka weusi usirudi upesi, funga mkanda wa zinki au wa shaba chini ya kofia ya paa. Mvua ikipita hapo huchukua chembe za madini hayo, na mwani hauzipendi. Tazameni paa la vigae lenye bomba la bati lililotokeza juu yake: chini ya bomba pana njia safi.

Msitumie mashine ya presha juu ya paa. Nimewaona wanaozikodisha wakipita mtaani, na kazi yao inafurahisha kutazama kwa sababu uchafu unaondoka papo hapo. Unaondoka na ngozi ya kigae. Kigae kilichochunwa kina vitundu vingi zaidi, na mwaka unaofuata mwani unakuta nyumba iliyoandaliwa.

Mabati hayataki klorini, kwani huyala. Yaosheni kwa sabuni na brashi laini. Kutu ya mabati huanza kwenye misumari iliyolegea, kwenye mikato ambayo fundi alikata kwa mashine ya cheche bila kupangusa vumbi la chuma, na chini ya majani. Msumari mmoja uliopoteza mpira wake unatosha kuchora ramani kwenye dari zima, na maji yake hayadondoki pale yalipoingia. Hutambaa kwenye mbao za kenchi, yakashukia chumba kingine. Panda darini mchana, funga mwanga wote, tafuta tundu la nuru. Likikosekana, fuata njia ya alama kwenye mbao, ukipanda nayo kuelekea juu.

Na hapa sheria mbili zisizo na mjadala. Nyumba yenye tangi la maji ya mvua, itenge gata kabla ya kutia dawa yoyote juu ya paa, na usiirudishe mpaka mvua ya kwanza nzito iwe imeshaosha. Ya pili: kama nyumba yenu ina paa la zamani la asbesto, yale mabapa mazito ya kijivu yenye mawimbi, msilisugue, msilikate, msilipige maji ya presha, hata liwe jeusi vipi. Nyuzi zake zikivutwa pumzini hukaa mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwemo, huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, wakati aliyesugua ameshasahau siku yenyewe. Lisipovunjika na lisipochokozwa, hatari yake ni ndogo. Likivunjika, tafuteni ushauri wa watu wa mazingira wa serikali kabla ya kuligusa.

Klorini nayo ina adabu yake. Kwa fangasi ya ndani, robo lita ya dawa ya dukani katika lita nne za maji inatosha kabisa. Anayeimimina nzima anajichoma mapafu bila faida. Fungua madirisha, vaa glavu. Kamwe usiichanganye na asidi ya kusafishia choo, wala siki, wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na umewahi kuua watu ndani ya bafu zao.

Ndani ya nyumba, fangasi nyingi za siku hizi tumezileta na kiyoyozi. Chumba kinapozwa usiku kucha, ukuta na kabati vinapoa. Asubuhi dirisha linafunguliwa, hewa ya pwani yenye joto na maji inaingia na kugusa vitu vya baridi. Inatoa umande. Nguo zinanuka, viatu vinaota ukungu, pembe zinakuwa nyeusi. Sogezeni kabati kiganja kimoja kutoka ukutani. Msianike nguo chumbani. Bafu lisilo na dirisha liwe na tundu la hewa, na mlango wa jiko ufungwe mnapochemsha. Yule mtoto anayekohoa kila usiku na kupata pumu, kabla ya kubadilisha dawa tena, sogezeni kitanda chake mtazame ukuta wa nyuma.

Alama za kutu, zile za msumari ukutani au za mguu wa kiti cha chuma sakafuni, hutoka kwa ndimu na uvumilivu. Lakini ndimu ni ya marumaru ngumu za kuchoma na kauri tu. Ikigusa chokaa huichemsha na kuila, na mawe ya asili ya marumaru vilevile.

Nimeacha kwa makusudi doa ninaloliogopa. Ni mstari wa kahawia ulionyooka, chini ya dari la zege, kwenye nguzo, au chini ya kibaraza cha ghorofani. Mistari ya maji huzunguka na kupinda, ila huu umenyooka kwa sababu unafuata nondo. Chumvi ya mchanga au ya upepo wa bahari imefika kwenye chuma, chuma kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na zaidi. Haina pa kwenda ila kupasua zege. Kwanza mstari, kisha ufa mwembamba juu ya mstari, kisha vipande vinaanguka na nondo inaonekana, imekonda.

Nimewaona watu wakiziba ufa huo kwa saruji na kupaka rangi nyeupe, kwa kuwa mgeni anakuja au nyumba inauzwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya yakiumbua hayamchagui aliyeficha; humwangukia mpangaji na mtoto wake. Mwenye kuuza nyumba kwa namna hiyo ana deni ambalo mahakama ya hapa huenda isimdai, lakini limeandikwa.

Ukiuona mstari huo, gonga zege taratibu kwa mpini wa nyundo na usikilize. Likilia tupu, ondoa watu chini yake siku hiyo hiyo, funga kibaraza kwa kamba, mwite mhandisi, siyo fundi wa rangi wala fundi rafiki. Kukarabati ni kuchimba mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu yote, kuongeza chuma kilichopungua, na kurudisha zege safi lenye kifuniko cha kutosha. Ni ghali. Kama pesa hazipo, chumba kifungwe mpaka zipatikane, na asilale mtu humo hata usiku mmoja.